Mafuta Hayamezwi

Novisiati, Kipkelion
Jumapili, 21 Januari 2024

Kaka yangu Nicholas,

Tumsifu Yesu Kristo. Chamgei. Huku tuko wazima. Tangu tuvalishwe kichwani kitambaa cheupe cha unovisi mwezi wa nane nimekuandikia mara tatu, na wewe umenijibu mara moja tu, mistari saba. Nilihesabu. Najua una chai ya kuchuma na ng'ombe wa kukama, lakini kalamu si nzito kuliko jembe.

Ulisema Mama sasa hali chochote ila uji, na huo uji ni lazima uchujwe kwanza. Ulisema ule mrija waliomwekea kooni hospitalini umeanza kuziba, na daktari amesema mumtunze nyumbani. Maneno hayo nayajua. Ndiyo waliyoambiwa jirani zetu akina Kipkemoi kuhusu mama yao, na hakumaliza mwezi wa pili.

Sasa nisikilize. Tarehe kumi na moja Februari ni Siku ya Wagonjwa. Padre Nyamwange atakuja kigangoni kwetu na wagonjwa wote watapewa Mpako wa mafuta matakatifu. Mpeleke Mama. Mkalishe kwenye pikipiki katikati yako na dereva, mfunge leso kiunoni, muende polepole. Sikuombi kitu kingine mwaka huu wote.

Unajua utaratibu wa huku. Mwaka huu hatushiki simu, hatutembelewi wala hatuendi nyumbani, na simu ya ofisi ni ya habari za kifo tu. Barua ndiyo njia yetu. Zinazoingia na zinazotoka zote zinasomwa na Sista Gesare, mlezi wetu, kwa hiyo usiandike upuzi. Msalimie Mama, msalimie na Gogo.

Dada yako katika Kristo,
Winny


Kimulot
14 Februari 2024, Jumatano ya Majivu

Winny,

Milele amina. Hii itazidi mistari saba, kaa vizuri.

Jumapili hatukuweza kwenda. Mvua ilinyesha tangu asubuhi na ile barabara ya mtoni unaijua. Mama mwenyewe alikuwa amechoka, tukaona afadhali alale. Katekista Mageto ameniambia Padre aliwapaka watu kumi na wanne.

Mama anakusalimia. Anasema usome vizuri na usahau mambo ya huku. Gogo Chepkurui anakaa naye mchana kutwa, anamkanda miguu na kumgombeza akikataa uji. Wawili hao wangeandikiwa barua moja wangeigombania. Mimi niko sawa. Chai imechipua vizuri, ila mikono ya kuchuma ni yangu pekee.

Kuhusu Padre kuja nyumbani, tutaona. Mageto anasema kuna utaratibu.

Ni mimi,
Nicholas


Novisiati, Kipkelion
25 Februari 2024

Nicholas,

Hapakuwa na mvua. Mwenzangu Rebeccah anatoka ng'ambo ya mto huohuo, na mama yake amemwandikia kwamba siku hiyo jua liliwaka hadi wagonjwa wakatafutiwa turubai. Umenidanganya, na umemdanganya Sista Gesare aliyesoma kabla yangu.

Nadhani najua kinachoendelea. Umeanza kuwasikiliza wale wanaosema mtu akipakwa mafuta anakufa. Pikipiki ya Padre ikionekana kwenye boma, jioni hiyo watu wanaanza kuazima viti vya matanga. Huu ni ujinga, Nicholas, na wewe ulisoma hadi kidato cha nne. Haya si mafuta ya maiti. Ni ya mgonjwa aliye hai, apate nguvu, asamehewe, asiogope. Mama anaogopa, najua. Alikuwa akiogopa hata sindano.

Kwa miaka yote tangu tuzaliwe Mama hakupokea Komunyo, na sasa hata angeipokea haiwezi kupita kooni. Kila kitu anachopewa mtu ili aishi kinapitia mahali palipoziba. Mafuta hayamezwi, Nicholas. Yanakaa juu ya ngozi tu, kwenye paji la uso na viganjani. Hicho ndicho kitu pekee Kanisa linaweza kumpa sasa ambacho ugonjwa hauwezi kukizuia, na wewe unaniambia kuna utaratibu. Utaratibu gani? Mwambie Mageto mgonjwa hana utaratibu.

Nalala vibaya. Nikifumba macho namwona akifa akiangalia mlango. Mwite Padre wiki hii. Kama huwezi kwa ajili ya Mungu, fanya kwa ajili yangu.

Winny


Kimulot
8 Machi 2024

Winny,

Mama amepakwa.

Ilikuwa Jumanne mchana. Msalaba kwa kidole kwenye paji la uso, halafu kiganja cha kulia, halafu cha kushoto. Alifumba macho. Baadaye alilala bila kukohoa kwa saa mbili.

Sasa tulia usome masomo yako. Usiniulize mengi, nimechoka.

Nicholas


Novisiati, Kipkelion
17 Machi 2024

Kaka yangu mpendwa,

Nimelia hadi wenzangu wakadhani nimepata habari mbaya. Nisamehe kwa ile barua yangu nyingine, nilikuandikia kana kwamba wewe ni mtoto wa katekesi. Mungu akubariki wewe na mikono yako.

Sista Gesare alitangaza kwenye sala za jioni, tukaimba. Nimesoma barua yako hadi karatasi imelegea, na bado nataka zaidi. Mama alisema nini? Gogo alikuwa amekaa wapi? Padre alikuwa na haraka au alikaa akanywa chai? Niambie hata kama ni kitu kidogo. Tangu siku hiyo nalala kama zamani.

Jumatano Sista atakutana na Padre Nyamwange kwenye mafungo ya watawa, na nimemwomba amshukuru kwa niaba yangu.

Dada yako mwenye furaha,
Winny


Novisiati, Kipkelion
21 Machi 2024

Nicholas,

Sista alimshukuru Padre Nyamwange jana mbele ya watu. Padre hakujua anashukuriwa kwa nini. Hajawahi kufika kwetu. Hamjui Mama, hamjui Rodah yeyote mgonjwa. Alipiga simu kigangoni palepale kuuliza, akajibiwa kwamba mgonjwa huyo amepelekwa hospitali ya mbali.

Hospitali gani? Uliniandikia kiganja cha kulia, kiganja cha kushoto. Mtu hawezi kutunga kitu kama hicho. Ni nani aliyempaka Mama? Au mlikuwa mnamwosha?

Kama Mama amekufa niambie. Kama mlimzika mkaogopa kunivurugia mwaka wangu, niambie, nitavumilia. Tangu jana nasikiliza simu ya ofisi na sijui ninataka ilie au isilie. Nimemwambia Sista sitakula hadi barua yako ifike, amenikataza, nikala, na chakula kimegoma kushuka. Sasa najua kidogo alivyo Mama.

Winny


Kimulot
27 Machi 2024

Winny,

Mama hajafa. Naanza na hilo ili haya mengine uyasome ukiwa umekaa.

Sista Gesare, najua wewe ndiye unayesoma kwanza. Barua zangu zote nimeziandika nikikuogopa. Leo nakuomba usome mpaka mwisho, na ukimaliza usimpe Winny karatasi hii aende nayo peke yake. Kaa naye.

Padre hajafika kwetu, na Mama hajapelekwa popote. Amelala hapa nyuma yangu ninapoandika.

Tarehe kumi na moja Februari Mama alienda kanisani. Tulimfunga leso kwenye pikipiki kama ulivyosema. Akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, pale alipokaa miaka ishirini na nane. Wagonjwa walipoitwa nikamwinua. Mageto akaja mbio, akanishika mkono, akaninong'oneza, "Nicholas, mama yako si hapokei? Padre atauliza mambo ya ndoa." Nilitaka kumsukuma. Mama ndiye alinivuta koti, akasema turudi nyumbani.

Acha nimweleze Sista, kwa sababu yeye ni wa Kisii na labda haijui nyumba yetu. Gogo Chepkurui tunamwita bibi, lakini si mama ya baba yetu. Gogo ndiye aliyemwoa Mama. Kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe mbele ya wazee akaoa mwanamke mwingine, azae, boma lisife. Hawalali kama mume na mke, ni jina na urithi tu. Mzee Kiptum, mume wa Gogo, alikufa miaka sita kabla Mama hajakanyaga hapa. Mimi na Winny tunaitwa watoto wa Kiptum. Aliyetuzaa hatajwi. Padre wa zamani alimwambia Mama atoke katika nyumba hiyo kwanza ndipo apokee. Mama akauliza Gogo atabaki na nani. Hakujibiwa, akaenda kukaa benchi la mwisho.

Halafu Winny akataka usista, na Mageto akaombwa barua ya kigango. Alikaa mezani kwetu asubuhi nzima akitafuta neno la Kiswahili la kumwita Mama. Mke wa Gogo, hapana, masista watashangaa. Asiyeolewa, hapana, ng'ombe zilitoka na wazee walikunywa. Mwishowe akaandika mjane. Mjane wa marehemu Kiptum, ndoa ya Kanisa. Mjane wa mtu ambaye hakuwahi kumwona. Kwenye fomu yake Winny akaandika vivyo hivyo, akatia sahihi.

Sasa umeelewa, Sista. Mama anasema Padre akija atamwungamisha, ataomba kitabu cha kigango, ataona hakuna ndoa, atawaandikia masista, na Winny atarudishwa nyumbani. Nimempigia magoti. Anasema, "Mimi nimekaa bila miaka ishirini na nane, naweza kumalizia. Huyo mtoto asiguswe." Aliniapisha nikiwa nimeweka mkono kichwani pake nisimwite Padre na nisimwambie Winny. Leo nimevunja kiapo, na sijui nitamwangalia vipi.

Winny, sasa nakuja kwa ile barua ya Machi. Jumanne hiyo Mama alijua nimeenda kuchuma. Nilikuwa nimesahau kikapu, nikarudi, nikapita dirishani. Alikuwa amekaa kitandani peke yake na kile kikopo cha mafuta ya kujipaka. Akachovya kidole, akajichora msalaba kwenye paji la uso. Akajichora kiganja cha kulia, akabadilisha mkono, akajichora cha kushoto. Halafu akafumba macho. Nilikaa nyuma ya nyumba hadi miguu ikafa ganzi. Siku tatu baadaye ndipo nilikuandikia, na sikuona kama ni uongo mzima.

Kwa hiyo usiseme Mama hataki. Anataka kuliko wewe na mimi. Ameacha kunywa hata maji tangu Jumapili, tunalowesha midomo yake kwa kitambaa. Nimeshindwa, Winny. Nimejaribu kunyamaza, nimejaribu kudanganya, na yote mawili yamenileta hapa.

Jana nilimwonyesha Mageto barua yako. Ndiye aliyemwambia Padre mambo ya hospitali, kwa sababu aliogopa ile barua yake itafukuliwa na miaka yake kumi na tisa ya ukatekista iishe. Akasoma, akakaa kwenye jiwe la kufulia, akalia kama mtu aliyefiwa. Amesema ataileta barua hii kwa mkono wake mwenyewe. Mpeni chai, hajala.

Nicholas


Novisiati, Kipkelion
Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Nicholas,

Mageto alifika Alhamisi Kuu saa nne, na lile koti lake la Misa. Sista Gesare alianza kusoma akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa. Aliniita, akanipa kiti, akakaa nami kama ulivyomwomba.

Nilisema yote ni kweli. Hakuniuliza juu ya Gogo wala juu ya fomu. Aliuliza tu kama Mama yuko hatarini. Nikasema ndiyo. Akasema mtu aliye karibu kufa hafungiwi mlango kwa sababu ya kitabu, kwamba Padre yeyote angemwungamisha na kumpaka siku ileile angeitwa, hata kama kitabu kizima kingekuwa tupu. Mageto alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Alisema, "Sikujua, Sista. Mimi nilifundishwa asiyepokea hapokei." Miezi miwili tumelinda mlango ambao haukuwa na kufuli.

Sista alimpigia Padre Nyamwange mbele yetu. Mengine unayajua, ulikuwapo siku ya Ijumaa Kuu aliponipigia akiwa kwenye boma letu. Lakini kuna jambo hulijui.

Alhamisi hiyohiyo jioni niliitwa kwa Mama Mkuu. Alikuwa mpole. Alisema nyumba nilikotoka haingenizuia, wamepokea wasichana kutoka nyumba za kila aina. Kilichonizuia ni sahihi yangu chini ya jambo nililojua si kweli, na hawezi kumwacha novisi aendelee juu ya jambo hilo. Nitarudi nyumbani wiki ya Pasaka. Nikitaka, baada ya miaka miwili, niombe upya. Kwa hiyo Ijumaa, Mama aliponiuliza kwa simu, "Wamekufukuza?" nami nikajibu, "Hapana, Mama, niko hapa na nitabaki," nilikuwa nimeshajua. Sista Gesare alikuwa karibu nami. Aliangalia dirishani.

Acha nikuambie na ubaya wangu wote. Tangu Januari nilijua Padre akimfikia Mama atauliza. Nilijua na nikakataa kufikiria. Nilitaka Mama apate mafuta na mimi nibaki na kitambaa, na kazi ya kuvipatanisha nikakuachia wewe. Halafu nikakuita mjinga. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi nitaelewa.

Nitafika Jumamosi. Usimwambie Mama ukweli. Sema nimepewa ruhusa ya kumwuguza. Nimemwomba Sista kitambaa kimoja nije nimekivaa, anione nacho. Bado hajanijibu.

Winny


Kimulot
Jumatano, 3 Aprili 2024

Winny,

Barua yako imefika leo asubuhi. Ningepiga simu, lakini maneno haya siwezi kuyasema ofisi nzima ikisikiliza. Mageto anangoja mlangoni na koti lake, ataileta leo leo.

Ijumaa ulisikia sauti tu. Acha nikwambie ambayo hukuyaona.

Padre alifika saa tisa, baada ya Njia ya Msalaba. Alisema Ijumaa Kuu hakuna Misa lakini wagonjwa hawanyimwi. Akauliza mwenye boma ni nani. Mageto akaangalia viatu vyake. Gogo akasimama na fimbo yake akasema, "Mimi ndiye bwana ya huyu mama. Kama ni mimi nafunga njia yake, niambie niende nilale kwa jirani. Ng'ombe sitaki zirudi." Padre alimwangalia. Sijui alitaka kucheka au kulia. Akamwambia, "Kaa, Gogo. Shika kichwa chake."

Lakini Mama alipoona ile chupa ndogo alikunja ngumi. Zote mbili, akaziingiza chini ya blanketi. Padre akamwuliza kama anataka, akatikisa kichwa. Padre akasema hawezi kumpaka mtu anayekataa. Nikamwambia Mama kwamba masista wanajua kila kitu na hakuna neno. Akaniangalia. Anajua nilikuandikia kwamba amepakwa, mimi mwenyewe nilimwambia. Akanong'ona, "Wewe husema tu." Hapo ndipo niliona gharama ya ule uongo wangu, Winny. Nilikuwa na neno la kweli mdomoni na halikuwa na kazi.

Ndipo Padre akakupigia. Gogo alimshikia simu sikioni. Ulipomaliza, Gogo aliiondoa simu kwenye sikio la Mama. Padre hakumharakisha. Halafu Mama akatoa mkono mmoja, akaufungua juu ya blanketi. Halafu ule mwingine.

Padre alitutoa nje amwungamishe. Tulikaa sana. Mama hana sauti, sijui alimwambia nini, lakini Padre alipotufungulia macho yake yalikuwa mekundu. Akampaka. Gogo alishika kichwa kama alivyoambiwa. Kisha Padre akavunja kipande cha Ekaristi kidogo kama punje ya mtama, akakiweka kwenye kijiko na tone la maji. Ilikaa mdomoni muda mrefu. Sijui kama ilipita. Hakuitema.

Leo nilipopata barua yako nilimwambia unakuja Jumamosi, umepewa ruhusa ya kuuguza. Nilisema vizuri, bila kukwama. Akaomba niinamishe sikio. Akasema, "Wamemrudisha. Nilijua siku ya simu. Akidanganya sauti yake hupanda mwishoni, tangu mdogo."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alifungua mikono.

Akasema, "Alikuwa amekwisha toa kitambaa. Ningekataa, angekuwa amekitoa bure."

Kwa hiyo usije na cha kuazima. Amesema anataka kuziona nywele zako. Na usingoje Jumamosi. Tangu jana anapumua akipumzika, anapumua akipumzika, na Gogo amekataa kutoka chumbani. Sijui kama tuna hata Alhamisi yote.

Nilikusamehe kabla hujaomba. Usijibu barua hii. Panda gari pamoja na Mageto, uje.

Nicholas